Ombi la Kuizika Spidwei ya Uingereza kwa Heshima Zote

Evere, Brussels, Jumatano

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kufufua Timu ya Nungunungu, Uingereza, ambaye pia ni mjomba wetu, Tonton Éliézer.

Tonton mpenzi na Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na magoti yako. Sisi huku tuko wazima, isipokuwa usingizi, ambao mimi niliuona mara ya mwisho kabla Océane hajazaliwa. Naandika wakati mtoto amelala. Kwa hiyo sentensi ikikatika katikati, ujue ameamka, usidhani ni dharau.

Kama mke wa Séraphin, kijana uliyemlea mwenyewe Bukavu mpaka akaota ndevu, nakuandikia nikiwa nimepiga magoti. Kama mama wa Océane, nimesimama.

Najua kila barua inayofika kwa kamati husomwa mbele ya wajumbe wote, donc basi wale wasiotujua niwaeleze kwanza. Spidwei ni mbio za pikipiki. Watu wanne wanazunguka uwanja wa udongo mara nne, wanakata kona upande wa kushoto tu, na vumbi lote linawaangukia waliolipa kiingilio. Zamani viwanja vya Uingereza vilikuwa vinajaa. Leo vingi vimefungwa, vimejengwa nyumba, na waliobaki kushangilia ni wazee. Uwanja wa Nungunungu nao ulifungwa, na Tonton Éliézer akaapa kuufufua, kwa sababu alipofika Uingereza akiwa mkimbizi, hajui mtu, ni mashabiki wa Nungunungu waliomketisha katikati yao siku ya baridi, wakamfunika blanketi na kumpa chai ya chupa. Hilo silicheki, Tonton. Mtu aliyekufunika blanketi hasahauliki.

Ninachocheka, kwa uchungu, ni yaliyofuata. Ulimwalika Séraphin akaone mbio kwenye uwanja mmoja uliobaki wazi. Séraphin huyu alikuwa motard, dereva wa pikipiki, Bukavu, alibeba abiria kwenye matope ya Kadutu masika yote. Alirudi hapa macho yakiwaka, akaniambia hatimaye ameona Wazungu wakifanya alichokuwa anafanya yeye kila mvua ikinyesha, tofauti ni kwamba wao wanapigiwa makofi. Alirudi pia na cheo: Katibu wa Uhusiano wa Nje, Tawi la Brussels. Kutoka siku hiyo sina mume, nina katibu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sebule yangu. Sikujua kwamba timu ya Uingereza isiyo na uwanja inahitaji tawi Ubelgiji, lakini mimi sikusoma sana. Tawi lina rais, Papa Sylvestre. Lina makamu wa rais, rais wa heshima, mshauri wa rais wa heshima, na Maman Pétronille wa protokole. Halina pikipiki. Wanakutana kwangu kwa sababu eti mimi niko nyumbani, kana kwamba kuwa nyumbani na mtoto mdogo ni likizo ambayo ingepotea bure. Mkutano unafunguliwa kwa sala, halafu dakika ya kimya kwa ajili ya viwanja vyote vilivyofungwa, halafu ajenda, halafu "divers", yaani mengineyo, na hiyo divers inakula alasiri nzima pamoja na sombe yangu, yaani kisamvu. Sombe haimo kwenye ajenda, lakini siku isipokuwepo ndipo utaona jinsi wajumbe wanavyoheshimu utaratibu.

Mikutano mingi ilipita wakijadili pagne ya siku ya ufunguzi. Uwanja haujapatikana, lakini kitambaa kimepatikana, kimechapwa, kimefika, kimeshonwa. Nungunungu aliyechapwa juu yake anafanana na nanasi. Nimemgeuza juu chini, nimemwangalia kutoka mbali, bado ni nanasi. Na mimi nimeshonewa, mikono mifupi na lisani. Sikuulizwa.

2. Waendeshaji. Ulitueleza kwa simu, tena kwa uvumilivu, kwamba waendeshaji wazuri wanakwenda Poland na Sweden ambako viwanja bado vinajaa, na kwamba mmoja anaweza kuwa na timu nchi tatu. Ninyi mmeahidiwa kijana mmoja wa Denmark, atakuja siku za Jumatano kama timu zake nyingine zitamruhusu. Yaani mmekubali kuwa mke wa tatu, tena wa Jumatano, na mnafurahi. Halafu toka Uingereza itoke Ulaya, kijana huyo naye anahitaji karatasi. Sisi tulifika huku na miguu yetu tukangoja karatasi mpaka tukazoea kungoja. Yeye anafika na pikipiki yake na bado anaambiwa angoje. Nilifarijika kidogo, Mungu anisamehe.

3. Breki. Nimeambiwa pikipiki hizo hazina breki. Niliuliza tena, nikidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mtoto kulia. Hazina. Mtengenezaji hakusahau, ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Na mume wangu, baba wa mtoto, anataka siku ya mazoezi naye azunguke kidogo. Nikamkatalia. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Laeti, ni frein njo inaletaka batu boga." Tonton, nimeishi na maneno hayo, nimeyaweka kila mahali yanapoweza kukaa, na bado hayakai. Kama breki ndiyo inaleta woga, basi na mkanda wa gari unaleta ajali, na maziwa yanaleta njaa.

4. Majirani. Mlipopata ardhi ya uwanja mpya nyuma ya ghala, hatua chache tu kutoka uwanja wa zamani, nilimshukuru Mungu, nikasema sasa watamaliza. Kumbe pembeni kuna nyumba mpya, na watu wa nyumba mpya wanapenda kimya. Wakaandikia halmashauri kwamba hawataki kelele. Bon, ni haki yao, hata mimi napenda kimya, nimekisikia siku fulani. Kamati yako ilifanyaje? Iliitisha maombi ya kufunga kinywa cha malalamiko ya kelele. Maombi yenyewe mliyafanya Jumamosi mchana, kwenye maegesho ya nyumba zilezile, na ngoma, gitaa la bezi, na kipaza sauti cha Papa Sylvestre alichokibeba kutoka Saint-Josse kwa basi, akavuka nacho bahari mpaka kwenu. Kwa hiyo malalamiko ya kelele sasa ni mawili, na la pili lina picha. Séraphin ananiambia kwamba kiroho mlishinda.

5. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Océane hajabatizwa.

Wewe ni parrain wake, baba wa ubatizo. Séraphin amekataa mtu mwingine yeyote. Anasema mikono iliyomshika yeye ndiyo itakayomshika binti yake, na mimi nilikubali, kwa sababu ni kweli na kwa sababu alipokuwa anasema alikuwa analia. Mara ya kwanza tukapanga siku, halmashauri ya mji wenu ikawaita siku hiyohiyo, ukabaki. Mara ya pili ikawa siku ya mbio za maonyesho, mbio ambazo hazikufanyika kwa sababu mvua ilinyesha. Basi mbio hazikufanyika, na ubatizo haukufanyika. Mbio zinaogopa maji, Tonton, naelewa. Ubatizo hauogopi. Mara ya tatu ni yale maombi ya maegesho. Séraphin mwenyewe alikuwa huko na ngoma, mimi niko hapa na keki.

Keki tulikula na majirani wa ghorofa. Padri wetu, mtu mpole, aliniuliza kama huyu parrain yupo kweli au ni wa mfano. Océane alikuwa wa kubebwa tulipoanza kupanga. Sasa anatembea. Mkiendelea hivi atakwenda mwenyewe mbele, atajitambulisha, na atawauliza ninyi mnamwakilisha nani.

Sasa nafika kwenye ombi, na naomba lisomwe polepole.

Kwetu mtu akifa, tunasema amekufa. Hatumwachi kitandani miaka huku wajumbe wanabadilishana vyeo kando ya mto wake. Spidwei ya mji wenu imelala kitandani muda mrefu, haina uwanja, haina kijana, inakohoa tu kila Machi msimu unapoanza, na kila ikikohoa mume wangu anapanda basi la Calais kuvuka kuja kwenu. Kwa hiyo naiomba Kamati itangaze kifo, na iniruhusu mimi niandae kilio, matanga kamili.

Nitakifanya vizuri, usiwe na wasiwasi. Nimeshaulizia ukumbi hapa Evere, una viti na jiko. Picha kubwa ya uwanja mbele, na mishumaa. Wale wazee wa Kiingereza waliokupa chai watakaa safu ya kwanza, na safari hii tutawafunika sisi blanketi, tuwape chai sisi. Wamama tutavaa pagne ya nanasi ili kitambaa kisipotee. Papa Sylvestre atasema neno, tutamkatiza. Séraphin atalia mpaka amalize, nitamshika mkono, sitamcheka hata kidogo. Halafu tutakula. Baadaye tutaondoa kilio kama desturi, na kila mwanaume atarudishwa kwa mkewe akiwa hana cheo.

Tena nimefikiria safari yako. Unakuja na suti nyeusi kwa ajili ya Jumamosi na shati jeupe kwa ajili ya Jumapili. Jumamosi tunazika, Jumapili tunabatiza. Nauli moja.

Kamati ikikataa, sitagombana. Nitaunda na mimi kamati. Itaitwa Kamati ya Kufufua Ndoa ya Laetitia, itakuwa na rais, makamu, na protokole, na tawi lake litakutana kwenye sebule yako Uingereza, kila Jumapili, wamama wote na watoto wote, kuanzia baada ya misa mpaka divers iishe. Tutafungua kwa sala. Tutakula. Na kama mpaka hapo parrain bado hana nafasi, nitamwomba yule kijana wa Denmark awe parrain, maana kwa kutokuja amekwisha kuonyesha uwezo.

Nisalimie Maman Thérèse, mwambie mafuta ya mawese aliyotuma yalifika. Wasalimie wazee wa Nungunungu mmoja mmoja, hasa yule aliyekuchagua mwenyekiti kwa sababu ni wewe peke yako uliyeweza kupanda ngazi za ofisi. Wasalimie hata watu wa nyumba mpya, waambie kuna mama huku anawaelewa.

Ni mimi ninayekuheshimu hata nikikasirika, na leo nakuheshimu sana,

Laetitia, mama Océane

T.B. Barua hii ilikaa kwenye mkoba tangu Jumatano, leo ni Jumapili jioni, na nimeona niongeze haya hapa chini kabla sijaipiga picha na kukutumia kwa simu usiku huu.

Nilimsomea Séraphin. Sikutaka uipate wewe kabla yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nilikuwa na majibu mengine mazuri zaidi ya haya. Hakubisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Uko na haki, mama Océane." Akavua ile koti ya timu, akaikunja, akaiweka juu ya kabati, mahali tunapoweka vitu vya wageni. Siku zote hizi yuko nyumbani. Anaosha vyombo. Anambadilisha mtoto. Anaitikia kila nikimwita, mara ya kwanza. Nilivyoomba ndivyo nilivyopewa.

Leo tukaenda Flagey, sote watatu, sokoni. Tukasimama pale kwenye vibanzi. Mtu mmoja anayefanya kazi na Séraphin akatuona, Mbelgiji, si mtu mbaya, akamuuliza habari za zile pikipiki zake za Waingereza, akacheka, akasema alidhani mchezo ule ulikufa zamani. Séraphin akatabasamu. Akasema ndiyo, umekufa, yamekwisha. Alisema kwa sauti ile aliyokuwa nayo tulipokuwa tunangoja karatasi, sauti ya kumkubalia kila mtu. Nilidhani ile sauti tuliiacha kwenye kambi.

Tonton, nikasikia kinywa changu kinasema, "Haijakufa."

Halafu sikunyamaza. Nilimweleza yule mtu udongo unavyolowanishwa kabla ya mbio. Nilimweleza mizunguko minne, mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma, na kwa nini gurudumu la nyuma linaachwa liteleze. Nilimweleza wazee na blanketi. Nilimweleza kwamba nyumba mpya zilikuta kelele pale, kelele hazikuzifuata nyumba. Nilimwambia kuhusu breki, yale maneno ya Séraphin, nikayasema kana kwamba ni yangu, na yakakaa. Vibanzi vikapoa, Océane akavimaliza. Mwisho yule mtu akauliza siku ya ufunguzi ni lini, nikamtajia mwezi, sijui niliutoa wapi, lakini sasa mtalazimika kuufuata.

 Kwenye basi Séraphin alinibebea mkoba.

Kwa hiyo wenye ukumbi nimeshawaambia siuhitaji tena. Muulize padri wa kwenu kama anabatiza watoto wa Brussels, umwambie parrain anapatikana pale pale na baba yupo. Jumamosi ya zile mbio za maonyesho mlizopanga upya tunakuja, gauni jeupe nimelifunga kwenye begi, na pagne yangu pia. Vyeo sitaki, lakini mtu wa kuzungumza na wale watu wa nyumba mpya nadhani hamna, na mimi najua kugonga mlango bila kipaza sauti.

Kesho asubuhi Séraphin atakupigia simu kujiuzulu. Ameshaandika atakachosema, nimemwona akikirudia bafuni. Nilimwambia ni vizuri.

Usiipokee hiyo simu.