Jinsi Jenerali Alivyoniokoa Mtoni

Jumatatu, 3 Machi
Kitabu cha vita cha Jenerali kimefika sura ya mto. Mwandishi ni mimi, ingawa jalada halitasema hivyo. Tangu awe rais hana nafasi, kwa hiyo husimulia akinyolewa ndevu. Mimi naandika, kinyozi anaitikia. Leo kasimulia alivyovuka mto chini ya mvua ya risasi. Hakusema alikuwa na nani. Pengo hilo! Na kuna ubalozi uko wazi, nchi ya baridi, mshahara mnono. Atapewa nani kama si shujaa? Nimejichomeka fasta: askari kijana, mimi, namtoa Jenerali majini kwa mkono mmoja. Kweli, wakati wa vita nilikuwa darasa la pili. Nani atahesabu?

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Kasoma. Akauliza nani kamwokoa nani. Akasema yeye haokolewi, yeye huokoa. Wembe wa kinyozi ukasimama shingoni. Mpambe wa Jenerali, lile kapteni lenye mabega kama kabati, likacheka chinichini. Nikaapa kuwa ni kosa la mpiga chapa, yeye ndiye aliyeniokoa mimi. Uso ukakunjuka. Akasema sasa anakumbuka vizuri, hata kilio changu anakikumbuka.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu ananiita Mheshimiwa Balozi mbele ya dada yake. Keshanunua makoti mazito. Mpambe kaja kunibembeleza nimtie na yeye mtoni, japo mstari mmoja. Nimemtia. Yuko kambini, anamenya viazi.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu! Jenerali anataka siku ya uzinduzi tuigize sura ya mto, kwenye bwawa la ikulu, mbele ya wageni. Mimi nizame, yeye anitoe. Sijui kuogelea! Ulimi ulitaka kukataa, nikakumbuka ubalozi. Nimemwambia ni heshima kubwa.

Jumamosi, 8 Machi
Mazoezi. Nilizama vizuri kupita kiasi. Jenerali akanidaka ukosi, mgongo ukamkaza, akaniangukia mzimamzima na medali zake zote. Tukaenda chini sote. Mpambe akaruka na buti zake, akatutoa, huyu kwapa hili, yule kwapa lile. Kinyozi akapiga makofi. Alikuwa peke yake, akaacha.

Jumatatu, 10 Machi
Niko wodini, kifua kimejaa maji ya bwawa. Redio imetangaza: balozi ni mpambe! Na kinyozi ni naibu wake! Wamepandishwa ndege leo hii, hata kuaga hawakuaga. Muuguzi akaninong'oneza kwamba mwenye siri hupelekwa mbali. Hajui siasa huyu. Huo ni ushujaa umelipwa, basi! Mke wangu hasemi nami. Makoti kamuuzia mke wa mpambe.

Nimejiuliza nimekosea wapi, na jibu nimelipata: maji. Mimi si mtu wa maji kabisa. Nimempelekea Jenerali sura mpya: kifaru kinawaka moto, mimi nimenasa ndani, yeye anakuja kufungua mfuniko. Kafurahi hajapata kufurahi hivyo. Kesharuhusu kifaru cha kweli kitolewe kambini, na madumu ya petroli yako njiani. Safari hii ubalozi siukosi.