Pesa Zangu Zimetunzwa Mpaka Zimekonda

Kwako Meneja wa Tawi,

Kuhusu: Pesa kukonda mikononi mwa mtunzaji

Pole na kazi. Mimi ni yule fundi cherehani wa mlango wa bluu, ng'ambo ya barabara, anayekupungia mkono kila asubuhi ukishuka garini. Kwa miezi kumi nimeweka kwenu elfu ishirini na tano kila mwezi, zitimie laki mbili na nusu ninunue ovaloki, mashine ya kufunga pindo ili nyuzi zisifumuke. Jana nilikuja kuzichukua nimevaa viatu vya sherehe. Mpaka natoka, zilikuwa zimebaki laki mbili na elfu thelathini na mbili. Muuza mashine amenipa hadi Ijumaa, kisha anamuuzia fundi jirani yangu, yule anayeniita Mama Sindano Moja. Kwa heshima na taadhima, basi, nalalamika:

1. Utunzaji. Karani wenu wa dirisha la pili, binti mpole, alinieleza kuwa elfu moja kila mwezi ni ada ya kutunza akaunti. Nikafurahi. Nikaomba kumwona huyo mtunzaji nimshukuru, na nione pesa zangu zinalala wapi. Karani akacheka mpaka akafuta machozi. Meneja, mimi nimetunza watoto wanne na mume mmoja. Anayetunzwa hunenepa. Hizi zangu mnazilisha nini?

2. Ujumbe. Kila mwezi mkishakata mnanitumia ujumbe kwamba mmekata, halafu mnakata mia tano kwa kunitumia ujumbe. Mwizi gani huyo anayekugongea mlango akuambie kaiba, kisha anadai nauli ya kuja kukuambia? Samahani kwa neno mwizi, nimetafuta lenye adabu zaidi nimelikosa.

3. Kuuliza. Niliuliza mashine yenu ya ukutani nina kiasi gani. Ikanijibu, ikakata elfu moja. Kwa hiyo salio lilikuwa la uongo hata sijamaliza kulisoma! Nilitaka kuuliza upya, mlinzi akanishika mkono kwa huruma, akaniambia mama, acha tu.

4. Karatasi. Nikaomba nichapiwe makato yote. Karatasi ni elfu mbili, nayo imo humo humo, mstari wa mwisho, imejiandika yenyewe. Nilipoirudisha niliambiwa ikishachapwa hairudi.

5. Mimi mwenyewe. Dukani kwangu nguo ya mteja huning'inia hata mwaka. Naipangusa vumbi, naikinga na panya, naipiga pasi upya siku ya kuchukuliwa. Sijamtoza mtu hata senti, maana kutunza cha mtu kisha ukamdai ni aibu. Shemeji yangu analala kwenye kochi langu tangu mwaka juzi, bure, na huyo anakula!

Naomba basi nirudishiwe elfu kumi na nane zangu kabla ya Ijumaa, mtunzaji aachishwe kazi, na ada zote zifutwe kwa watu wote, milele. La sivyo nahamia kwenye benchi la wateja wenu na cherehani yangu, nishone hapo hapo mpaka zitimie. Kelele zake unazijua.

Nisalimie karani wa dirisha la pili, mlinzi mwenye huruma, mama watoto wako, na huyo mtunzaji popote alipojificha.

Wako mwenye akaunti iliyokonda,
Fundi wa mlango wa bluu

Nyongeza: Jamani! Nilipoinuka kutafuta bahasha nimegongana na suti yako ya kijivu, ile uliyoniletea niipanue kiuno. Huu ni mwezi wa kumi na nane inaning'inia hapa. Nimepiga hesabu mara mbili: utunzaji, elfu moja kila mwezi, ni elfu kumi na nane. Na barua hii ya kukujulisha, elfu moja nyingine. Basi hayo ya juu yafute yote, hasa namba tano. Ada ni kitu kizuri sana, wala sijui watu hulalamikia nini. Leta taslimu kabla ya Ijumaa. Usizipitishe benki, watazikata.