Jangwa Jepesi la Kamina

Wananchi wa Kamina wajulishwe kwamba mji wao sasa una jangwa. Ni jangwa jepesi, linalofaa familia nzima pamoja na bibi na mtoto wa mgongoni, na hakuna chembe hata moja ya mchanga wake iliyoagizwa kutoka nje.

Sifa zote zimwendee Bwana Hénoch Kayembe, mkuu wa Ofisi ya Jangwa na Matembezi Mepesi ya Kifamilia. Hadi mwaka juzi mahali pale paliitwa ravin, yaani korongo lililochimbwa na maji ya mvua, ambalo kila mwaka lilimega ua wa mtu na safari moja lilikwenda na choo kizima cha jirani Banza. Watu walipiga kelele. Hénoch yeye alikaa akawaza. Korongo likiitwa maafa, hudai mawe na saruji. Likiitwa jangwa, hudai kibao tu, na kibao alikuwa nacho.

Kanuni zikatoka. Kifungu cha saba kilikataza kupanda mmea wowote jangwani au kando yake, maana jangwa lenye majani ni aibu mbele ya wageni. Kifungu cha tisa kiliagiza kila mwenye nyumba kando ya njia ya matembezi aweke garde-fou, kizuizi cha kushikilia, ili wazee wapite bila hofu. Hicho Hénoch alikinakili mahali fulani, wala hakumbuki wapi.

Siku ya tatu Mama Clémentine alifika ofisini. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, mwimbaji wa kwaya ya Wamethodisti, na ukuta wa jiko lake ulikuwa hatua sita tu kutoka ukingoni.

"Chef, mvula itakuya mwezi wa kumi. Minyi naomba tu ruhusa ya kupanda bambu, ishikilie udongo. Bila vile, nyumba inaenda."

"Mama, weye unasema mvula gani?"

"Ya kila mwaka, Chef."

Hénoch alimhurumia kwa dhati. Elimu ya zamani ilikuwa na mapengo yake.

"Mama mwalimu, jangwa haina mvula. Iko mu vitabu. Rudia ku nyumba, utulie."

Clémentine aliomba nakala ya kanuni, akaondoka akiisoma njiani. Hénoch hakuona hatari yoyote, kwani katika miaka kumi na tisa ya utumishi hajawahi kukutana na mtu aliyesoma hadi kifungu cha tisa.

Uzinduzi ulifanyika Agosti, vumbi likiwa limeiva. Ili kuthibitisha kwamba njia ni nyepesi, Hénoch aliitembea na familia yake mbele ya wageni rasmi: mkewe Élisa katika viatu vya visigino virefu, na mama yake mzazi, Dorothée, katika kiti cha magurudumu cha kuazima. Magurudumu yalizama hatua ya kwanza. Polisi wanne wakakibeba kiti, na ripoti ikaandika kwamba bibi hakuchoka hata kidogo.

"Tuko wapi hapa?" aliuliza bibi.

"Mu jangwa, mama."

"Minyi naona choo ya Banza."

"Ile ni magofu, mama. Batalii banapenda sana magofu."

Walipofika kwa Clémentine, bibi alinyoosha mkono akashika nguzo. Zilikuwa nyingi, za kijani, zimesimikwa karibu karibu kuzunguka ukingo wote, na zimemwagiwa maji ya kuoshea vyombo.

"Hénoch, garde-fou hii inaota majani."

Clémentine alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. "Kifungu ya tisa, Chef. Haikusema garde-fou ikuwe ya kufa."

Wageni walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Mkuu hawezi kushangazwa na kanuni zake mwenyewe hadharani. "Hii njo mambo ya kisasa," alisema Hénoch, akatia sahihi palepale kwamba garde-fou ile ni mfano wa kuigwa.

Mvua, ambayo haijasoma vitabu, ilianza Oktoba. Ilifika kwa Clémentine kama kawaida yake, ikakuta mizizi, na mizizi haina mzaha. Maji yakageuka, yakakata barabara, yakateremka upande wa pili, kwenye nyumba mpya ya mkuu wa ofisi. Noeli ilikuta uzio umekwenda. Januari veranda ilikuwa inaning'inia, na kibao cha KARIBU JANGWANI, kilichosombwa na maji, kimeegemea mlango wake.

Hénoch aliogopa, tuseme ukweli, kama anavyoogopa mtu yeyote mwenye nyumba moja. Kufuta kifungu cha saba kulihitaji mihuri mitatu, na mwenye muhuri wa tatu alikuwa safarini akilitangaza jangwa. Asubuhi moja akaenda kwa Clémentine, matope hadi magotini.

"Mama mwalimu, nipatie bambu, ata kumi tu. Nyumba inaenda."

"Kifungu ya saba inakataza kupanda, Chef."

"Tutaiita garde-fou."

"Garde-fou ni ya kando ya njia. Kwako njia haipite."

"Lakini mvula inanimaliza, mama."

Clémentine alimtazama kwa huruma, vile anavyotazamwa mwanafunzi mzito.

"Chef, jangwa haina mvula. Iko mu vitabu. Rudia ku nyumba, utulie."

Kisha akaingia jikoni mwake, ambamo kuta zote nne zilikuwa zimesimama, akasonga bukari.