Kona za Kulia Tu

Jumatatu, 3 Juni

Mama anatimiza miaka themanini Jumapili. Tumemwuliza anataka nini. Shali? Hapana. Redio? Anayo. Anataka kupandishwa gari la marehemu Baba, lile jekundu la michezo, la viti viwili, apelekwe hadi posta ya zamani alikokuwa akiunganisha simu enzi za usichana wake. Baba alikuwa akimsubiri pale nje kila jioni. Alisema hivyo akikunja na kukunjua leso. Nikaenda jikoni kujifanya natafuta chumvi.

Nimeahidi! Injini inawaka, breki zimetengenezwa. Yamebaki matairi, nayo si vipara hata kidogo, meno yote yapo. Shemeji, mume wa dada yangu, akabonyeza moja kwa kidole gumba na kusema limekauka kama biskuti. Kisha akajitolea kumpeleka Mama kwa gari lake refu lenye kiyoyozi. Hakuombwa. Kiherehere tu.

Jumanne, 4 Juni

Dawa ya viatu, nyeusi, makopo mawili. Nimeyasugua matairi yote manne mpaka yakang'aa. Nani atasema ni ya zamani? Nilitumia mswaki niliouokota dirishani bafuni. Kumbe ulikuwa bado kazini.

Mke wangu tangu tuoane huliita gari hili mke mwenzake. Akasimama mlangoni mwa banda, akasema leo mke mwenzake kajipaka wanja, anakwenda wapi? Halafu akauliza kama nimeuona mswaki wake. Sikujibu swali la kwanza wala la pili.

Jumatano, 5 Juni

Nimempeleka mke mwenza kwa fundi wa matairi, ayathibitishe kwa mdomo wake nipate la kumwambia shemeji. Fundi alipitisha kidole, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Hakusema kitu. Mtu mwenye adabu.

Kisha akanionyesha tarakimu nne ubavuni: 2304. Nikamweleza kuwa huo ni ukubwa wa tairi, jambo ambalo mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini analiona mara moja. Akasubiri nimalize.

"Mwalimu, hiyo ni tarehe ya kuzaliwa. Wiki ya ishirini na tatu, mwaka 2004. Yanatimiza miaka ishirini wiki hii hii."

Akaeleza taratibu. Mpira huzeeka hata ukikaa bandani. Meno yatabaki, lakini tairi linaweza kupasuka njiani na mama mzazi akiwa ndani.

Matairi haya aliyafunga Baba mwenyewe, mimi nikimshikia spana. Mwaka uliofuata hakuwepo. Nilitaka kumwambia fundi kwamba sing'ang'anii mpira, nang'ang'ania mikono iliyoufunga. Nikasema nitafikiria.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefikiria. Fundi ana matairi ya aina mbili. Kuna membamba, saizi ile ile ya gari lilipotoka kiwandani, ila lazima yaagizwe, yafike Jumamosi. Na kuna mapana, yapo dukani, meusi tii, yana kifua! Mapana kushinda ya shemeji. Fundi akasema yatagusa madigadi. Nikamwuliza amepima? Akasema hana haja ya kupima. Nikasema basi hajui. Mimi pia sikupima, lakini hilo halikuulizwa.

Nimechukua mapana.

Ijumaa, 7 Juni

Yamefungwa asubuhi. Gari limesimama kama bondia! Mbele linakwenda. Nyuma linakwenda. Kulia linakata vizuri kabisa. Kushoto linapiga ukelele, na mpira unanuka.

Sikukata tamaa. Nimechora ramani: kutoka nyumbani hadi posta kwa kona za kulia tu. Zipo kumi na moja. Kuna mahali tunazunguka shule ya watoto mara mbili, lakini mandhari ni nzuri. Ramani nimeificha kwenye kidroo cha dashibodi.

Mke wangu akaniletea chai bandani. Akainama, akaona mkwaruzo kwenye tairi la mbele. Hakutania safari hii.

"Baba watoto, unataka Mama apande, au unataka shemeji aone?"

Chai ikapoa mkononi. Nimeona haya, naandika kama ilivyo. Nikampigia fundi nikamwomba aagize yale membamba. Akasema aliyaagiza jana, nilipotoka tu dukani kwake.

Jumamosi, 8 Juni

Membamba yamefungwa. Kushoto kimya, kulia kimya. Gari limekuwa na sura yake ya zamani, ile ya kwenye picha za Baba. Shemeji alikuja kushika jeki bila kuitwa, na hakusema "nilikwambia". Utamlaumu kwa lipi mtu kama huyu? Inaudhi.

Matairi ya Baba nimeyarudisha bandani. Siwezi kuyatupa. Mapana nayo yapo pale pale.

Jumapili, 9 Juni

Mama alivaa gauni la bluu. Tulimwingiza polepole, mguu mmoja, halafu mwingine. Akashika dashibodi, akafungua kidroo, akatoa ramani yangu. Nilisahau kuichana!

Aliitazama kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Baba yako naye alinunua mapana. Tukiwa wachumba. Wiki nzima alinizungusha kulia tu, anasema ananionyesha mji."

Nikamwambia tumeshabadilisha, sasa tunaweza kupita njia fupi. Akaikunjua ramani magotini, akailainisha kwa kiganja.

"Hapana, mwanangu. Kata kulia."

Tukakata kulia mara kumi na moja. Shule tuliizunguka mara mbili, kama ilivyochorwa. Shemeji alitufuata na gari lake refu, dada na mke wangu wakiwa ndani, kona zote, bila kuuliza. Mbele ya posta Mama hakushuka. Alinishika mkono nikiwa bado nimeshika gia, tukakaa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepita bandani. Mapana yamelala tu pale, na kifua chote kile. Dhambi. Nimempigia fundi kumwuliza kama madigadi yanaweza kukatwa kidogo, upande wa kushoto tu. Simu ikakatika. Mtandao siku hizi mbovu sana.

Nitapiga tena baada ya chai.