Nilivyofuta Mabaki

Wenzangu, leo nimeaibika mpaka masikio yananiwaka.

Mnajua mimi ni mchapaji katika ofisi ya misaada hapa Garsen. Tuna kompyuta moja. Ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukaikuta bado inajifikiria. Asubuhi nikamwambia mkubwa wangu, Bwana Jillo, "Mashine hii imejaa uchafu. Niachie niisafishe."

(Nilisoma kompyuta Malindi wiki tatu. Cheti nimekitundika sebuleni.)

"Una hakika, Rehema?"

"Bwana Jillo! Si ndiyo kazi niliyosomea?"

Akaenda kupokea lori la mbegu za mahindi. Nikaanza kufuta. Barua za zamani, futa! Mchezo wa karata, futa! (Huo huucheza mimi mwenyewe, lakini usafi ni usafi.) Mara nikaona faili lenye jina MABAKI. Nikacheka peke yangu. Nani huyu anaweka mabaki kwenye kompyuta kama ukoko wa ugali? Nikafuta. Kisha nikamwaga na pipa la taka la humo ndani, kisisalie kitu.

Jamani, mashine ilikimbia! Nikaizima, nikaiwasha, hata chai sikuwahi kumimina.

Bwana Jillo akarudi jasho likimtoka. Akaijaribu. "Kweli umesoma," akasema. Nikatabasamu meno yote nje.

"Sasa nitolee orodha ya waliobaki, wale ambao hawajapata mbegu tangu mafuriko. Wameshafika."

"Iko wapi?"

"Kwenye MABAKI."

Nikafungua lile pipa la taka. Tupu.

"Nimeifuta," nikasema.

"Umeifuta vumbi?"

"La. Nimeifuta."

Hakufoka. Afadhali angefoka! Alikaa tu akashika kichwa.

"Na lile daftari tulilowaandikia?" nikauliza.

"Nililichoma. Wewe si ulisema tuna kompyuta, daftari la nini?"

Kumbe nilisema. Tena mbele ya watu.

"Toka nje ukawaambie mwenyewe."

Nje walikuwa wameketi wakulima wa Chara na Golbanti, tangu alfajiri, kila mtu na gunia lake tupu. Nikasimama mlangoni. "Ndugu zangu, majina yenu yamepotea."

"Yamepotea wapi?" akauliza mzee mmoja wa Chara. "Sisi tuliyaleta hapa hapa."

"Nimeyafuta, mzee wangu. Ni mimi. Kwa bahati mbaya."

Halafu sauti ikatoka nyuma, sauti ninayoijua vizuri mno.

"Rehema? Hata mimi mkweo umenifuta?"

Mama mkwe! Mama wa mume wangu, ametoka Golbanti na gunia kichwani! Watu wakaangua kicheko, yule mzee akajifuta machozi kwa kilemba. Mimi nilitafuta pa kuuweka uso nikapakosa.

Nikachukua kalamu na karatasi, nikaketi chini, nikaandika jina moja moja mpaka alasiri. Kila mtu alinitajia lake polepole, kama anayemfundisha mtoto. Mama mkwe alipofika alisimama juu yangu akichungulia.

"Kandamiza kalamu, mwanangu. Lisitoke tena."

Mbegu wamepata wote. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimewapotezea siku nzima, nao wakanishukuru!

Jumapili tumealikwa Golbanti, ukoo mzima utakuwepo. Kama mnanipenda msicheke, niombeeni homa.