Kibali cha Kukaa kwa Baba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kibali changu cha ukaazi bado kina miezi kadhaa. Lakini mjanja hangoji. Mara iliyopita nilichelewa, watu wa uhamiaji wakamtuma ofisa mpaka hapa Kwihara kuhakiki kama kweli ninaishi hapa. Ikabidi nimdanganye dada Eustadia kwamba yule ni mtu wa bima.

Dada hajui. Kule Kitwe nilichukua uraia wa Zambia ili nipewe nyumba ya mgodi. Nyumba yenyewe ilivuja. Sasa nimestaafu na ninaishi katika boma la baba yangu kwa kibali cha mgeni. Miaka yote hiyo dada alililima shamba langu ili majirani wasilimege. Akijua, nitamtazama kwa macho gani?

Nimemuaga kwamba nafuata pensheni mjini. Bahati mbaya! Afande Kondo wa pale ofisi ya uhamiaji amesema nimewahi mno. Nirudi muda ukikaribia, nao watakuja nyumbani kuhakiki. Ndicho ninachokikimbia.

Nimerudi, nikabisha hodi. Dada akanikaribisha, akanipa maji.

Jumatano, 10 Septemba

Nimegundua Kondo ni Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Mtani wangu kabisa! Babu zangu walipofika pwani na mizigo mabegani, ni babu zake waliowapokea na kuwacheka. Mtani hamnyimi mtani.

Niliingia ofisini kifua mbele. Nikamwita mtumwa wangu, nikamwamuru anihuishie kibali leo leo. Kondo akafungua jalada langu, akauliza tangu lini Wazaramo wana utani na Wazambia.

Walicheka wote, hata mlinzi. Na mimi nikacheka. Njiani roho iliniuma sana. Kitovu changu kimezikwa Kwihara, nyuma ya zizi.

Kibaya zaidi, Kondo amesema kwa kuwa nimemtukana, Jumamosi atakuja kuchukua kuku wake. Mtani hakatazwi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemshawishi dada twende kesho Nzega kumsalimia mpwa wetu Jenifa. Amekataa. Michembe yake ya viazi iko juani ikauke, na mbuzi wa jirani yetu Mzee Ngassa hawana adabu.

Basi nimepata akili nyingine. Nimemwambia kesho anakuja mtani wangu, Mzaramo, mwongo sana, asiamini hata neno lake moja. Hapo ukweli wote utapita kama mzaha. Sijui kwa nini watu hawaniombi ushauri.

Jogoo nimemficha chini ya beseni.

Jumamosi, 13 Septemba

Kondo amekuja. Akampa dada shikamoo kwa heshima zote, kisha akatangaza amekuja kumkamata Mzambia wake amrudishe kwao, au apewe jogoo. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Akamjibu amchukue tu, ila ajue anakula sana na halimi. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akamtoa jogoo.

Kondo akaondoka na jogoo kwapani. Pale njiani akaninong'oneza kwamba makazi yangu ameshayaona, hatatumwa mtu tena. Nimeshinda!

Niliporudi, dada alikuwa anageuza michembe. Akaniuliza, bila kunitazama, kama aliyosema yule ni kweli. Nikasema ni utani tu. Kisha akasema mwenye kwao habishi hodi. Mimi tangu nirudi nabisha, naye ananikaribisha huku akingoja siku nitakayoingia tu, nikae, nimweleze.

Neno lilinifika mdomoni. Nikauliza kama chai ipo. Najuta tangu saa ile.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetafakari vizuri. Dada hajui kitu. Alikuwa anazungumzia adabu za mlangoni tu, wazee ndivyo walivyo. Kumweleza sasa ni kumsumbua bure.

Leo nimekwenda mjini kupeleleza. Kondo huenda akahamishwa, na anayetajwa kuja ni Mgogo. Wagogo nao ni watani zetu! Safari ijayo nitawahi zaidi. Dada nimemwambia ni habari za pensheni.

Nimerudi jua likizama, nikabisha hodi. Dada alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Alikawia kuitika. Halafu akasema karibu, mgeni.

Naona utani wa Kondo umemwingia na yeye.