Nilivyomkubali Adui wa Filamu Mbele ya Shangazi

Leo nimeaibika. Tena si aibu ya kujikwaa sokoni ukajifanya unafunga kamba za kiatu. Nimeaibika mbele ya kamera mbili, wazee wa mtaa na mbuzi. Nawaandikia mapema kabla hamjaletewa ile video na watu wasiojua kusimulia.

Sitaki huruma ya mtu. Naeleza tu.

Mnajua tunashuti filamu hapa mtaani kwetu Ilomba. Filamu ya mapenzi, ya kuchekesha, ya Krismasi. Kwamba tuko mwezi wa saba si kosa langu. Direkta anasema filamu ya Krismasi lazima iwe tayari kabla ya Krismasi, na hapo namwelewa. Kwa hiyo sebule ya Shangazi Tumpe ina mti wa msindano wenye pamba na taa za kumetameta tangu wiki iliyopita, na majirani wameshauliza siku hizi tunasali wapi.

Mimi ndiye staringi. (Ndiyo, mimi, fundi cherehani. Endeleeni kusoma.) Naigiza binti anayeitwa Neema. Anampenda fundi pikipiki, ila siku ya Krismasi anaposwa na mfanyabiashara tajiri mwenye kitambi na dharau. Binti anaitwa mbele ya wazee, anaulizwa kama posa ipokelewe, anakataa. Neno moja tu: "Msipokee." Hapo fundi pikipiki anaingia, kwaya inaimba, watazamaji wanatoa machozi. Neno lenyewe nimelifanyia mazoezi hadi kwenye cherehani.

Fundi pikipiki anaigizwa na Baraka, kijana mzuri wa sura, na hilo analijua kuliko sisi sote. Tajiri, yaani adui wa filamu, anaigizwa na Festo. Festo ni Mhehe wa Iringa, mrefu, mwembamba, mpole, anakaa Uyole kwa baba yake mdogo. Kitambi chake ni mto niliomshonea mwenyewe, una kamba za kufungia mgongoni. Masharubu anachorwa kwa wanja.

Sasa niseme ukweli, maana mtaujua tu. Kwenye mazoezi Festo ananidharau kama skripti inavyotaka. Ananiambia mimi masikini, ananicheka nguo. Tukimaliza anasogea na kuniambia taratibu, "Samahani Sekela, ni skripti tu." Kila mara, hata mara ya mwisho. Na ule mti wa msindano ni yeye aliyeutoa kwao Iringa, kwenye buti la basi, kwa sababu siku moja nilisema miti ya plastiki hainukii Krismasi. Sikumwomba. Nilisema tu, naye akasikia.

Mtu akikubebea mti kutoka Iringa utafanya nini? Mimi nilimpenda. Sikumwambia mtu, na yeye hakuniambia kitu. Staringi nimempenda adui na filamu bado haijaisha.

Leo ndiyo ilikuwa zamu ya kushuti posa.

Baridi ya hapa mwezi huu mnaijua. Nilivaa gauni jekundu la mikono mifupi, na chini yake taitsi mbili na soksi ndefu za kuchezea mpira. (Kamera inaniona kuanzia kiunoni, tulieni.) Nikawa natetemeka kwenye kiti napakwa poda, mara ikaja habari kwamba mama anayeigiza shangazi wa Neema amefiwa, yuko njiani kwenda Tukuyu. Direkta akashika kichwa. Akaangaza huku na huku, macho yakaishia kwa mwenye nyumba, Shangazi Tumpe, aliyekuwa ananyoosha vitambaa vyake vya makochi.

Niwaeleze kwa msiomjua. Shangazi Tumpe ni dada wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Posa za ukoo wetu haziendi bila yeye. Wasichana wote wa kwetu amewauliza yeye, mmoja baada ya mwingine, na miaka yote hii alikuwa anasubiri siku ya kuniuliza mimi. Direkta hayajui hayo. Alimwambia asihangaike na skripti, aulize vilevile anavyouliza kwenye posa za kweli.

Jamani. Hiyo ni sawa na kumpa mchungaji maji na mtoto, halafu umwambie aigize kubatiza.

Shangazi akaingia ndani, akatoka na kitenge chake cha harusini. Akatuma waitwe wazee wa jirani, maana posa haipokelewi na mtu mmoja. Wakaja kweli, na makoti yao, wakakaa. Direkta akafurahi kupata waigizaji wa bure. Halafu Shangazi akamwona Festo kwenye kochi na kitambi chake, akabadilika sura. Akasema mposaji hakai sebuleni siku ya posa, wala hajisemei mwenyewe, hayo ameyaona wapi? Direkta akambembeleza sana kwamba kamera lazima imwone tajiri. Shangazi akakubali shingo upande, akamgeukia Festo.

"Kaa. Lakini usifungue mdomo humu ndani. Una watu wa kukusemea."

Festo akaitikia, "Ndiyo, shangazi." (Festo hata ukimwambia asipumue ataitikia hivyohivyo.)

Akaletwa mbuzi wa posa. Mbuzi ni wa baba mdogo wa Festo, tuliazima. Shangazi akamzunguka, akamtazama meno, akasema kwa sisi Wanyakyusa huyo ni wa kupigia hodi tu, ng'ombe watafuata. Wazee wakaafiki. Nilimwona Festo anameza mate.

Mimi nikafungiwa chumbani kama inavyotakiwa. Nikasikia "ekshen", nikasikia mshenga anaanza maneno yake (mshenga ni yule mwenye duka la kona, na kwa kweli anaweza kuigiza kuliko Baraka). Kisha nikaitwa. Nikatoka na khanga kichwani, nikapiga magoti mbele ya wazee. Kichwani kulikuwa na neno moja tu. Msipokee, msipokee, msipokee.

Kwenye skripti anatakiwa kusema, "Neema, tupokee?" Shangazi hakusema Neema. Alinishika bega.

"Sekela mwanangu. Baba yako hayupo, kwa hiyo nakuuliza mimi kwa niaba yake. Kijana umemwona. Tupokee, tusipokee?"

Sikutegemea amtaje baba. Nikainua macho ili nimkatae huyo tajiri kama nilivyofundishwa, na tajiri mwenyewe nikamkuta kitambi kimehamia ubavuni, wanja umeanza kushuka hadi mdomoni, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Nikasema, "Pokeeni."

Shangazi alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika hadi barabarani. Wanawake waliokuwa jikoni wakaitikia, wazee wakapiga makofi, majirani wakajaa mlangoni, mbuzi naye akalia. Baraka alikuwa nje kwenye pikipiki anasubiri zamu yake. Aliposikia kelele akadhani ndiyo hiyo, akaingia mbio hadi katikati ya sebule na kupaza sauti, "Neema, usikubali!" Mzee mmoja akamwambia amechelewa, atafute pa kukaa, chakula kinakuja.

Direkta akasema kata. Akasema turudie. Shangazi akamuuliza kurudia nini. Yeye ameuliza, mtoto amejibu, wazee wamesikia, na mbuzi ameshapelekwa nyuma ya jiko. Direkta akaanza kueleza habari za filamu na Shangazi akawa anamsikiliza kwa huruma, kama unavyomsikiliza mtu mwenye homa. Mwisho Direkta akanigeukia mimi. Alinifungulia mlango wa kutokea, mzima mzima. Aliniuliza kama nimesahau mstari.

Hapo ningejiokoa. Ningecheka kidogo, ningesema jamani nimechanganya, ni baridi hii, tungerudia, na hivi sasa nisingekuwa nawaandikia. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Shangazi akanitangulia.

"Sekela. Umesahau, au umejibu?"

Yule ndiye aliyenilea. Na kamera zilikuwa bado zinawaka, niliona taa nyekundu.

"Nimejibu," nikasema.

Wa jikoni waliacha kugonga masufuria. Watu wote wakamgeukia Festo. Festo akasimama, mkono mmoja umeshika kitambi kisianguke. Akawatazama wazee, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Akaufunga. Akatoka nje. Tukasikia anaita bodaboda, tukasikia bodaboda inaondoka. Ameondoka na masharubu yake na kitambi nilichomshonea kwa mikono yangu, bila neno hata moja.

Mimi bado nimepiga magoti. (Na khanga ilikuwa imefunuka, zile soksi za mpira zote nje.)

Baraka ndiye aliyecheka wa kwanza. Akasema hajawahi kuona staringi anaachwa na adui. Hapo sebule nzima ikapasuka. Kuna waliokaa chini. Kuna aliyekuwa na simu, na ndiyo hiyo video mtakayoletewa. Direkta akatangaza kwa sauti kavu kwamba atatafuta Neema mwingine. Nikainuka nikamwambia atafute, ila gauni ni langu, kitambi ni changu, na sebule ni ya shangazi yangu, kwa hiyo huyo Neema mwingine aje na nyumba yake. Nilisema vizuri kabisa. Kisha nikaingia chumbani nikalia.

Iliniuma, sifichi. Si kwa sababu ya kuchekwa. Mimi nimechekwa sana maishani na nguo za watu naendelea kushona. Iliniuma kwamba nilisema kweli mbele za watu na mtu mwenyewe akaondoka kama aliyesahau jiko linawaka. Shangazi akaingia, akakaa kitandani, akanisaidia kuvua zile soksi. Akaniambia aliyeulizwa ni mimi, na mimi nimesema kweli, mengine si kazi yangu. Kisha akaniambia niende kumenya viazi, wazee bado hawajala.

Nikamenya. Kila aliyepita jikoni kuchungulia nilimtazama usoni hadi akaondoka mwenyewe. Dada wa saluni alikuja kunipa pole huku amebana mdomo kwa kiganja, nikamwambia acheke tu asije akapasuka mbavu. Ukweli ni kwamba hata sasa hivi nikiulizwa tena nitajibu vilevile. Nani kasema mwanamke akipenda aombe radhi?

Jioni, wazee wakiwa wameshaondoka na mbuzi bado anakula majani ya Shangazi huko nyuma, tukasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, koti refu, kofia mkononi.

"Kamwene," akasalimia kwa Kihehe. Shangazi akaitikia vilevile, akamkaribisha. Nikamwamkia, nikamjua kwa urefu wake. Ni baba mdogo wa Festo. Akakaa kwenye lilelile kochi, chini ya mti wa Krismasi, akautazama ule mti kwa muda. Shangazi akamwuliza kama amemfuata mbuzi wake, maana wa watu haliwi.

"Mbuzi abaki," mzee akasema. "Kijana amefika nyumbani anahema, ana mto tumboni. Anasema mmemkataza kufungua mdomo humu ndani, na kwamba ana watu wa kumsemea. Basi huyo mtu ndiye mimi."

Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Nikaliweka mezani kabla sijammwagia mgeni.

Mzee akaeleza kwamba ameshampigia kaka yake, baba yake Festo. Atatoka Iringa Jumamosi, na wanaomba kujua kama siku hiyo nyumba hii inapokea wageni. Shangazi akasema inapokea. Akasema pia kwamba siku hiyo wataongea habari za ng'ombe. Mzee akakuna kidevu, akasema ng'ombe wanaongeleka. Akachukua kofia yake, akafika mlangoni, kisha akageuka kama aliyekumbuka kitu.

"Na wewe binti, ameniambia nikwambie kwamba safari hii si skripti. Mimi skripti siijui ni kitu gani. Nimefikisha."

"Ndaga," Shangazi akamshukuru kwa lugha ya kwetu, akafunga mlango. Hakuniuliza kitu. Alishaniuliza mchana.

Sasa hivi ninavyoandika Direkta amepiga simu, anaomba kwa unyenyekevu kuja na kamera zake Jumamosi, anasema mwisho wa filamu anaweza kuubadilisha. Shangazi amemjibu aje, ila Baraka amwache nyumbani.

Haya, chekeni. Video ikiwafikia itazameni hata na soksi zangu, sijifichi. Ila kadi za michango ya harusi nazipeleka wiki ijayo, na nitakayemsikia amecheka sana, atachanga sana.